Umetundika viatu, unataka uwakala: mwongozo kwa mchezaji wa Masisi na Walikale

Goti limekataa, au umri umefika, au vita vimefunga mashindano ya entente yenu kabla hujaamua mwenyewe kuacha. Ulicheza Goma, pengine DC Virunga au Dauphin Noir, pengine ulifika Bukavu au Kisangani. Umerudi nyumbani na jina lako. Sasa vijana wanakufuata: "Kaka, nitafutie ekipe." Wazazi wao wanakuita pembeni baada ya misa. Mtu wa mjini anakupigia simu akiuliza kama huko kwenu kuna mshambuliaji mrefu wa miaka kumi na sita.

Hapo umeshaombwa uwakala, hata kama hakuna aliyelitaja neno lenyewe. Mwongozo huu ni wa kukuwezesha kuifanya kazi hiyo kwa leseni na kwa karatasi safi, ili miaka kumi ijayo mama wa yule kijana akikukuta sokoni Nyabiondo au Mubi asimame akusalimie.

Kwa nini karatasi kabla ya uwanja

Mwaka 2017 kijana wa Kinshasa, Silas Katompa Mvumpa, alikwenda Ubelgiji kufanya teste katika klabu ya Anderlecht. Ilibidi arudi nyumbani atafute viza mpya. Wakala wake akamwambia kwamba akirudi Kongo hataona Ulaya tena. Kijana akabaki kwa huyo mtu, Paris, bila kushika hati zake wala akaunti yake ya benki. Akabadilishiwa jina, akapunguziwa mwaka mmoja wa umri. Kwa jina hilo la bandia alicheza Ufaransa, kisha Stuttgart ya Ujerumani, hadi Juni 2021 alipojitokeza mwenyewe na kusema ukweli. Shirikisho la Ujerumani lilimfungia miezi mitatu na kumtoza faini ya euro 30,000.

Tazama adhabu ilimwangukia nani. Wakala ndiye aliyetengeneza uongo, na mchezaji ndiye aliyekaa nje. Kwetu Masisi na Walikale, ambako vyeti vimeungua, vimeachwa njiani au havikuandikwa kabisa, uongo wa aina hiyo ni rahisi zaidi kutengeneza kuliko Kinshasa. Ndiyo maana ninaweka karatasi mbele ya kila kitu katika mwongozo huu, mbele hata ya kipaji.

Jina lako linatosha kiasi gani?

Linatosha kufungua mlango. Mzazi wa Masisi hamwamini mgeni mwenye gari, ila anakuamini wewe kwa sababu alikuona ukicheza, na anajua nyumba ya baba yako. Unajua kocha gani analipa maneno tu, ekipe gani inawalaza wachezaji wanane chumba kimoja, jeraha gani la kifundo halitapona kwa majani ya kienyeji. Hayo hakuna shule inayoyafundisha.

Lakini mkataba ni lugha nyingine. Katika besiboli ya Marekani, Scott Boras alicheza ligi za chini hadi magoti yakamkatiza. Alirudi chuoni akasoma sheria, na leo ni mmoja wa mawakala wanaoogopwa zaidi katika mchezo huo. Dave Stewart, mrushaji mpira aliyetwaa ubingwa wa dunia na Oakland mwaka 1989, naye aligeuka wakala. Ilipofika 2014 Arizona Diamondbacks wakampa kazi ya kuiongoza timu, akaacha uwakala. Kwa huyo wa kwanza, jifunze kwamba uwanja lazima uongezewe masomo. Kwa wa pili, jifunze kwamba viti viwili havikaliwi kwa pamoja. Kanuni za FIFA zinasema hivyo hivyo, na wengi wetu ndipo tunapokwama, maana mchezaji mstaafu wa kwetu kwa kawaida ndiye pia kocha wa ekipe ya mtaa.

Piga hesabu kabla hujaota leseni

Ada ya leseni ya FIFA ni dola 600 kila mwaka. Kanuni za mawakala zilizoanza mwaka 2023 ziliweka kikomo cha malipo: ukimwakilisha mchezaji ambaye mapato yake ya mwaka hayazidi dola 200,000, unachukua asilimia 5 ya mapato hayo, si zaidi. Zingatia kwamba FIFA ilisimamisha sehemu ya kanuni hizo, na kikomo hicho kimo, mwishoni mwa Desemba 2023 kwa sababu ya kesi za Ulaya. Kabla ya kuandika asilimia yoyote kwenye mkataba, soma tangazo la karibuni la FIFA. Mimi nakushauri ubaki kwenye asilimia 5 hata kama hakuna anayekulazimisha, kwa sababu ni kiwango ambacho mzazi anaweza kukihesabu kichwani.

Sasa tuchukue mfano. Mchezaji wako anasaini kwa dola 500 kwa mwezi, miezi 12. Hiyo ni dola 6,000, na sehemu yako ni dola 300 kwa mwaka mzima. Wachezaji wawili wa namna hiyo wanalipa leseni tu. Simu, nauli ya moto hadi Sake, siku za kusubiri kule Bukavu, vyote viko nje ya hesabu hiyo. Ukiwa na wachezaji sita wanaolipwa kweli kila mwezi, na unajua jinsi hilo lilivyo nadra, unabaki na dola 1,200 za mwaka kabla ya nauli.

Kwa hiyo usiache kazi inayokulisha. Endelea na ng'ombe zako, na shamba la viazi, na duka, na ualimu wa shule. Wakala mwenye njaa ndiye anayeanza kuomba "pesa ya viza" kwa mjane aliyeuza mbuzi wake wa mwisho.

Je, unaruhusiwa?

Jibu maswali haya kwa ukweli kabla ya kujaza fomu.

☐ Umemaliza mkataba wako wa mwisho wa uchezaji, na huna kazi tena katika klabu yoyote?
☐ Huna cheo katika entente, ligi ya mkoa (LIFNOKI), ligi ya taifa (Linafoot) au shirikisho la taifa (FECOFA)?
☐ Huna hisa wala faida yoyote katika klabu?
☐ Huna biashara ya kubashiri matokeo?
☐ Hujawahi kuhukumiwa kwa rushwa, udanganyifu, ukatili au kuuza watu?
☐ Katika miezi 24 iliyopita hukufanya kazi ya uwakala bila leseni?

Swali la mwisho lisome mara mbili. Kama mwaka jana ulimpeleka kijana kwenye ekipe na ukapokea kitu, hiyo ilikuwa kazi ya wakala. Acha kabisa, hesabu miezi, kisha omba. Zamani ndugu wa mchezaji aliweza kumwakilisha bila leseni. Mlango huo umefungwa: mjomba naye anahitaji leseni.

Kuhusu kiti cha kocha: ukitaka kubaki na ekipe yako ya vijana, baki nayo, ni kazi ya heshima, ila usiombe leseni. Ukiomba huku ukifundisha, siku utakayomtoa mchezaji wako mwenyewe kila mtu atauliza ulikuwa unamtafutia nani.

Njia ya leseni, hatua kwa hatua

1. Fungua akaunti kwenye jukwaa la mawakala la FIFA, ujaze ombi kwa kitambulisho chenye jina lile lile utakalotumia maisha yote ya kazi hii. Leseni hupewa mtu binafsi. Unaweza kuanzisha kampuni baadaye, lakini ndani yake anayezungumza na wachezaji na klabu lazima awe na leseni yake.

2. Chagua lugha ya mtihani. Kiswahili hakimo: kuna Kifaransa, Kiingereza na Kihispania. Kwa wengi wetu ni Kifaransa, na ni Kifaransa cha kisheria. Kama uliacha shule ukaenda kucheza, tafuta mwalimu wa sekondari au avoka kijana mkae pamoja jioni tatu kwa wiki, kwa miezi kadhaa. Pesa utakayomlipa ni bora kuliko tiketi yoyote ya ndege.

3. Pakua vitabu vya kujisomea ambavyo FIFA inavitoa bure, uvichapishe mjini mara moja. Mtandao wa Masisi-centre au Walikale-centre hauwezi kutegemewa kila usiku, lakini karatasi unaisoma hata kwa kibatari. Weka nguvu kwenye kanuni za uhamisho wa wachezaji, kanuni za mawakala zenyewe na ulinzi wa watoto.

4. Fanya mtihani. Ni maswali 20 ya kuchagua jibu, kwa dakika 60, na unafaulu ukipata asilimia 75, yaani 15. Mwaka 2025 ulifanyika mtandaoni, mwezi Juni. Kwa mtihani wa namna hiyo usibaki kijijini. Nenda siku mbili kabla mahali penye umeme na mtandao usioyumba, ujaribu kompyuta na kamera yake.

5. Ukifaulu, una siku 90 za kulipa ada ya kwanza. Tayarisha hizo dola 600 kabla ya mtihani. Benki za Goma zilifungwa Januari 2025, na kutuma pesa nje ya nchi kunahitaji mpango wa mapema na mtu unayemwamini aliye mahali penye benki.

6. Kila mwaka lipa tena, na kamilisha masomo ya ziada ambayo FIFA inayadai. Leseni iliyolala ni kama hakuna leseni.

Wakati unasubiri, unaweza kutazama matchi, kuandika majina kwenye daftari, kujifunza. Huwezi kuahidi, kujadili wala kupokea. Huyo anayefanya hayo bila leseni mitaani tunamwita komisioneri, na nyumba za kupanga zinamtosha.

Umri wa mchezaji: hapa ndipo utatumia muda mwingi

Kijana anakuja kwako anasema ana miaka 17. Usibishane, usikubali. Mwombe akuletee kila karatasi iliyopo: cheti cha kuzaliwa kama kipo, kadi ya ubatizo, bulletin za shule kuanzia ya kwanza ya msingi, kadi ya chanjo kama mama aliitunza, na leseni ya mpira ya entente. Zipange mezani kwa mwaka. Mara nyingi utaona tarehe tatu tofauti.

Sababu zake unazijua kuliko mimi. Kijana anaweza kuwa alijiongezea miaka ili apate kadi ya mpiga kura, kwa kuwa ndicho kitambulisho kinachompitisha kwenye barrière, kisha akajipunguzia ili acheze cadets. Wengine hawana kadi hiyo kabisa: uchaguzi wa Desemba 20, 2023 haukufanyika Masisi kwa sababu ya vita. Na familia zilizokimbilia Bulengo na Lushagala zilifukuzwa tena kutoka kambi hizo Februari 2025. Kila safari ya kukimbia ilipoteza mfuko mmoja wa karatasi.

Fanya hivi:

1. Kaa na mama, si na kijana peke yake. Usimuulize tarehe, muulize matukio: alizaliwa kabla au baada ya Nyiragongo kumwaga lava mwaka 2002? Alikuwa mgongoni au alikuwa anatembea CNDP walipofika karibu na Goma Oktoba 2008? Alikuwa darasa la ngapi M23 walipoingia Goma Novemba 2012? Mama anakumbuka hivyo kuliko kalenda.

2. Andika majibu, mama asaini au aweke dole, mbele ya shahidi mmoja wa mtaa.

3. Kama kuzaliwa hakukuandikishwa ndani ya siku 90, njia halali ni tribinali kutoa jugement supplétif, kisha afisa wa état civil aiandike kwenye daftari lake. Omba nakala zaidi ya moja.

4. Kabla ya kulipia lolote, uliza muhuri huo utakubaliwa wapi. Leo Masisi na Walikale zina sehemu zilizo chini ya mamlaka tofauti, na karatasi iliyopigwa muhuri upande mmoja inaweza kukataliwa upande wa pili, au Kinshasa kwenye FECOFA, au ubalozini. Muulize avoka anayefanya kazi kwenye tribinali inayotambuliwa na Kinshasa.

5. Tarehe ikishapatikana, ndiyo hiyo. Kama inaonyesha kijana ana miaka 21 na si 18, mwambie siku hiyo hiyo, mbele ya mama yake. Klabu ya umri wake ipo. Jina la kaka yake mdogo haliazimwi.

6. Piga picha karatasi zote, weka nakala sehemu mbili, mrudishie mama asili zake.

ONYO: Usishike pasipoti ya mchezaji, hata kwa siku moja "ili isipotee". Mtu ambaye hati zake ziko mfukoni mwako ni mateka wako, hata kama nia yako ni njema.

Chini ya miaka 18: breki

Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji kuhamia klabu ya nchi nyingine kabla ya miaka 18. Zipo nafasi chache za pekee. Wazazi wakihamia nchi nyingine kwa sababu zao zisizohusu mpira, mtoto anaweza kusajiliwa huko. Anayekimbia kuokoa maisha yake naye ana nafasi, kama nchi aliyofika imempa ruhusa ya kukaa, kwa hiyo kijana wa Masisi aliye mkimbizi Uganda anaweza kuombewa usajili. Lakini ukimtoa wewe nyumbani kwa ajili ya mpira, ukamvusha Bunagana kisha ukamwita mkimbizi, umeshavunja sheria na umemweka hatarini.

Nafasi ya tatu inatugusa sisi wa mpakani. Mtoto anayeishi ndani ya kilomita 50 kutoka mpaka anaweza kuchezea klabu ya nchi jirani iliyo ndani ya kilomita 50 upande wa pili, umbali kati ya nyumba na klabu usizidi kilomita 100. Masharti ni kwamba aendelee kulala kwao, na mashirikisho yote mawili yakubali waziwazi. Kwa mtoto wa Goma na klabu ya Rubavu, ramani inaruhusu. Kwa mtoto wa Nyabiondo au Pinga, hakuna namna atacheza Rubavu na kulala kwao.

Ndani ya nchi FIFA haikuzuii hivyo, lakini sheria ya Kongo ya Januari 10, 2009 ya kulinda mtoto inamhesabu kila aliye chini ya 18 kuwa mtoto. Mtu mzima anayesafiri na wavulana wawili wasio wake kutoka Kashebere hadi Kisangani anafanana, machoni pa askari wa barrière, na yule anayekusanya watoto kuwapeleka msituni kubeba bunduki. Na askari ana haki ya kuuliza. Mtoto asafiri na mzazi au ndugu wa damu, akiwa na barua ya wazazi, barua ya shule atakayoingia, na jina la mtu atakayempokea. Kama shule haipo katika mpango, hakuna safari.

Kwa uwakala wenyewe: huruhusiwi kumwendea mtoto wala wazazi wake mapema zaidi ya miezi sita kabla ya umri ambao sheria ya nchi inamruhusu kusaini mkataba wa kwanza wa kulipwa. Hata hapo ni lazima wazazi wakubali kwa maandishi, na wewe uwe umefanya somo maalum la FIFA kuhusu watoto. Basi yule mtu wa simu anayetaka mrefu wa miaka kumi na sita, jibu lake ni fupi: "Mzee, nitakupigia simu atakapofikisha umri."

Kwa mchezaji wa kike, chini ya 18 au juu yake, weka kanuni moja ya nyumbani: hakuna mkutano bila mama, dada au shangazi yake chumbani. Ieleze familia tangu siku ya kwanza, na udai kocha na kiongozi wa klabu waifuate pia.

Mkataba wa uwakilishi, na namna ya kuuzungumza

Mkataba uwe wa maandishi, usizidi miaka miwili, utaje majina yenu, muda, kazi utakayofanya, malipo yako, na sahihi. Kabla ya kusaini ni lazima umwambie mchezaji kwamba ana haki ya kutafuta ushauri wa avoka wake. Uandike kwa Kifaransa, halafu uusome kwa Kiswahili, na kwa Kihunde, Kinyanga au Kinyarwanda kama ndiyo lugha ya nyumba, kifungu kwa kifungu, ukisimama kila mara mtu anapotaka kuuliza.

Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Mama, nimekuja kwa sababu ya kijana. Siahidi Ulaya. Siahidi hata Kinshasa. Ninaahidi kwamba hatasaini karatasi ambayo wewe hujasomewa."

"Mwanangu, wewe utapata nini?"

"Akilipwa dola mia, mimi dola tano. Asipolipwa, mimi sina kitu. Na wewe hutanipa hata franka moja, wala ya viza, wala ya teste, wala ya soda."

"Na akivunjika mguu?"

Swali hilo utaulizwa, ujue. Usijibu "Mungu atasaidia" ukaishia hapo. Sema ni nani atalipa hospitali kwa mujibu wa mkataba wa klabu, na kama mkataba hausemi, sema kwamba hautasainiwa mpaka useme.

Baada ya hapo ondoka. Wape angalau siku tatu, wamuite baba mdogo, wamuite mwalimu, wamwonyeshe padri au mchungaji. Familia inayosaini usiku ule ule itajuta asubuhi, na lawama itakuwa yako.

Ekipe ya kijiji na ile asilimia tano

Hiki ni kipengele ambacho mawakala wengi hawakizungumzi, na kwetu kingeweza kununua mipira ya miaka mingi. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei ya uhamisho hugawiwa klabu zilizomlea tangu mwaka wa kutimiza miaka 12 hadi 23. Kila msimu wa miaka ya 12 hadi 15 unahesabiwa asilimia 0.25 ya bei, na kila msimu wa 16 hadi 23 asilimia 0.5.

Tuseme kijana aliyecheza katika ekipe ya Rubaya akiwa na miaka 13, 14, 15, 16 na 17 anauzwa baadaye kwa dola 400,000. Misimu mitatu ya kwanza inaipa ekipe dola 3,000, miwili ya baadaye dola 4,000. Dola 7,000 kwa ekipe ambayo magoli yake ni ya miti ya mkaratusi.

Lakini ekipe italipwa tu kama iliandikishwa, na kama kijana aliandikishwa kwake. Tangu Novemba 2022 malipo haya yanapitia taasisi ya FIFA iliyoko Paris, inayosoma pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji, na pasipoti hiyo inajengwa kwa rekodi za shirikisho. Daftari la kocha lililoko chini ya kitanda halimo humo. Kabla mchezaji wako hajaondoka:

☐ Ekipe yake ina uanachama hai katika entente?
☐ Jina na tarehe yake ya kuzaliwa vinafanana kwenye usajili wa kila msimu?
☐ Nakala za usajili zimefika LIFNOKI na FECOFA?
☐ Rais wa ekipe anajua tarehe ya uhamisho, na ana namba ya mtu wa kumuuliza?

Usidai sehemu ya pesa hiyo. Ni ya kijiji.

Kutafuta klabu

Hapa nitakuwa mfupi, kwa maana njia unazijua. Masisi kwa desturi inatazama Goma. Walikale inatazama pia Bukavu kwa njia ya Hombo, na kwa njia ya Lubutu inatazama Kisangani, ambako kuna klabu kama Malekesa na Nika, na Maniema Union ya Kindu iliyofika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2024/25 haiko mbali sana kwa macho ya mtafuta vipaji. Tuma video ya matchi nzima, si ya magoli matano yaliyokatwa. Taja udhaifu wa mchezaji kabla klabu haijauona, watakuamini mara ya pili.

Kwa mchezaji mtu mzima anayekwenda Rwanda, zungumza naye wazi kuhusu vita kabla hajavuka. Februari 2024 Héritier Luvumbu wa Rayon Sports alisherehekea goli kwa ishara ya kuziba mdomo na kuelekeza vidole kichwani, kuomboleza mauaji ya mashariki mwa Kongo. Shirikisho la Rwanda lilimfungia miezi sita, na klabu ikaachana naye. Mchezaji wako ana haki ya moyo wake. Ana haki pia ya kujua kitakachompata.

Klabu isipolipa

Hili litatokea, kwa hiyo lijue kabla ya kusaini. Mkataba na klabu usizidi miaka mitano, na kwa aliye chini ya 18 usizidi mitatu. Ndani yake dai mshahara kwa tarakimu na kwa sarafu iliyotajwa, siku ya malipo, nyumba, matibabu na nauli ya kurudi. Kila malipo yapitie M-Pesa, Airtel Money au benki, yaache alama. Pesa ya mkononi ipokelewe kwa karatasi yenye sahihi.

1. Mwezi wa kwanza usipolipwa, andika barua ya heshima kwa klabu, utunze nakala yenye tarehe ya kupokelewa.

2. Mshahara wa miezi miwili usipolipwa, mchezaji aiandikie klabu notisi akiipa angalau siku 15 kulipa deni lote. Notisi itaje kiasi, miezi na akaunti.

3. Katika siku hizo 15 mchezaji aendelee kwenda mazoezini kila asubuhi. Akikosa, klabu itasema yeye ndiye aliyevunja mkataba. Apige picha uwanjani, awe na mashahidi.

4. Siku 15 zikipita bila malipo, kanuni za FIFA zinamruhusu kuvunja mkataba kwa sababu ya haki. Barua ya kuvunja iandikwe na avoka.

5. Mchezaji wa Kongo aliye katika klabu ya nchi nyingine anaweza kupeleka madai kwenye Mahakama ya Soka ya FIFA. Mchezaji halipi ada ya kesi huko, ila madai yafike kabla ya miaka miwili kupita. Klabu ikiwa ya Kongo, anza na Linafoot na FECOFA, na tribinali ya kazi kama avoka atakavyoshauri.

6. Mpigie mama yake simu kabla hajasikia kwa watu. Mwambie mtoto yuko wapi, analala wapi, anakula nini, na barua iliyotumwa inasema nini.